Kutafuta maduka ya modeli za treni ukiwa Tokyo: mwongozo kamili kwa mgeni

Kama unaenda Tokyo, iwe kwa semina, mkutano au matembezi tu, na we ni mgonjwa wa treni ndogo, basi umefika penyewe. Kule hii sio michezo ya watoto, ni watu wazima na suti zao wanatoka kazini wanapitia dukani kununua behewa moja halafu ndo waende nyumbani. Duka kulipata sio shida. Shida ni kwamba mengi hayapo chini barabarani, yapo juu ghorofani ama chini kabisa kwenye besimenti, na kila moja lina aina yake, unaweza ukapita mlangoni kwake mara kumi usijue. Ama unaingia, unakuta ukuta mzima umejaa maboksi yote ya Kijapani, kichwa kinazunguka, unatoka na kitu ambacho reli zako nyumbani hazikitaki. Kwa hiyo tuanze na mambo ya kufanya kabla hata hujatoka hotelini.

Jua geji yako kwanza

Wajapani wengi wanacheza geji N, yaani reli ya upana wa milimita 9. Nyumba zao ndogo, nafasi hakuna, N ndo inaingia mezani. Kampuni ya Kato walitoa treni yao ya kwanza ya N mwaka 1965, Tomix wakaja 1976, na mpaka leo hao wawili ndo wakubwa, halafu unakuta Greenmax na Micro Ace kwa zile treni ambazo wakubwa hawajazitoa.

Sasa hapa kuna kitu mtu wa kwetu atakipenda. Reli nyingi za kawaida za Japani zina upana wa milimita 1067, sawasawa kabisa na TAZARA. Shinkansen, zile treni za mwendo kasi, zenyewe zinapita kwenye 1435, upana ule ule wa SGR zetu. Watengenezaji wakaamua zote ziwekwe kwenye reli ile ile ya milimita 9, ila Shinkansen wakazipunguza kwa skeli ya 1:160 na treni zingine 1:150. Chukua kalkuleta ya simu: 1435 gawa kwa 160 unapata karibu 9 kamili, safi. 1067 gawa kwa 150 unapata 7 na kidogo. Maana yake treni ya kawaida ya Kijapani ya N imekaa kwenye reli pana kuliko inavyotakiwa, ukiiangalia kwa mbele utaona magurudumu yametanuka kidogo. Wengi hawajali, mi pia sijali. Ila kama nyumbani una N ya Ulaya ambayo ni 1:160 ama ya Uingereza ambayo ni 1:148, treni itapita kwenye reli bila tatizo, ila usitegemee vipimo vilingane ukizipanga pamoja.

Kwa HO, geji kubwa kuliko N, ndo balaa kabisa. Dunia nzima HO ni 1:87 kwenye reli ya 16.5. Japani kubwa kwao ni 1:80 kwenye reli hiyo hiyo ya 16.5, halafu kuna kundi la watu wenye msimamo mkali wanaotumia 1:87 kwenye reli ya milimita 12, kwa sababu 1067 gawa kwa 87 inakuja 12 na kitu kidogo. Hawa wa mm 12 ni wachache na vitu vyao ni ghali, ila nawataja kwa sababu moja: kama una ndoto ya kujitengenezea TAZARA yako mwenyewe kwa mkono, Mlimba mpaka Makambako na mahandaki yake, hiyo reli ya mm 12 ndo upana sahihi. Treni ya TAZARA yenyewe dukani sijawahi kuiona, itabidi uchonge.

Andika kwenye simu: geji yako, skeli, reli unazotumia, na kipimo cha kona yako iliyobana kuliko zote. Hicho cha mwisho watu wanakisahau. Kato wanauza kona za nusu kipenyo cha mm 282 na 315, Tomix wana ya 280, na treni ndefu ndefu zinahitaji nafasi, hapo ulizia kabla ya kulipa.

Namna ya kutafuta kwenye ramani

Ukiandika kwa Kiingereza kwenye Google Maps utaletewa maduka machache ya watalii na madubwana ya katuni. Kopi hii uibandike: 鉄道模型. Hiyo ni modeli za treni kwa Kijapani. Ibandike ukiwa umesogeza ramani kwenye mtaa unaotaka, maduka yatajitokeza, mengine madogo ya mzee mmoja na mke wake ambayo hakuna blogu yoyote ya Kiingereza imeyataja. Kama unataka vya mtumba ongeza 中古.

Kabla ya kwenda fungua ukurasa wa duka uangalie mambo matatu. Siku wanayofunga, maana maduka madogo mengi yanapumzika siku ya katikati ya wiki, sio Jumapili. Saa ya kufungua, usiende saa mbili asubuhi, mengi yanaanza saa nne ama saa tano. Na ghorofa. Hapa kuwa makini, Wajapani wanahesabu ghorofa ya chini kama 1F, kwa hiyo 6F ya kwao kwetu ni ghorofa ya tano. Ukifika kwenye jengo usitafute bango kubwa, angalia kibao chembamba pembeni ya lifti, kimeandikwa kila ghorofa na mwenyewe. Lifti zenyewe nyingine wanaingia watu watatu na begi moja, ukipanda unahisi unaenda kwa mtu nyumbani, panda tu.

Na angalia tarehe za picha na maoni. Maduka ya Tokyo yanahama sana majengo, duka la mwaka juzi leo unakuta ni mgahawa wa tambi.

Siku ya kwanza: Akihabara

Anzia hapa, tena mapema kwenye safari, usisubiri siku ya mwisho. Sababu ni rahisi, ukishaona bei za vitu vipya Akihabara ndo utajua mtumba wa kwingine ni bei nzuri ama unapigwa. Akihabara inafikika kwa laini ya Yamanote, Keihin-Tohoku, ile ya njano ya Chuo-Sobu, na chini ya ardhi kuna laini ya Hibiya.

Nenda Yodobashi Akiba, lile jengo kubwa lililoshikana na stesheni, lipo tangu 2005. Ghorofa ya 6F ndo ya michezo na hobi. Yodobashi sio sehemu ya vitu adimu, ni sehemu ya kujifunzia: kila kitu kipya kimepangwa, bei imeandikwa wazi, reli, mota, miti, majengo, rangi, gundi, na hakuna mtu atakusogelea kukuuliza unataka nini. Wanafunga saa nne usiku kwa hiyo hata kama umetoka semina jioni bado unawahi. Piga picha bei za vile unavyovitaka (kwa utaratibu, sehemu nyingine hawataki kamera, ukiona alama ya kamera iliyokatwa weka simu mfukoni).

Ukitoka hapo vuka stesheni uende upande wa pili, Electric Town. Huku ndo kuna maduka ya ghorofani. Popondetta ni cheni ya treni tupu, wanauza mpya na mtumba, na wana meza kubwa za reli za kukodisha kwa muda. Unaleta treni yako, unalipa, unaendesha. Kama kwako huna nafasi ya kutandika reli hii ndo raha yenyewe, unanunua treni pale pale unaiendesha kwenye mji mdogo wenye taa na stesheni, na watoto wa watu wanakuja kusimama pembeni kuangalia. Greenmax wao ni wa treni za vipande, za kuunganisha na kupaka rangi mwenyewe, ukipenda kazi ya mkono pita kwao.

Akihabara pia imejaa wanasesere na katuni, kila jengo lina kelele. Usichanganyikiwe, kama kibao cha lifti hakina neno la hapo juu usipande.

Siku ya pili: upande wa magharibi

Mzunguko huu naupenda kwa sababu unapanda treni chache na unaona mengi. Toka Akihabara chukua ile ya njano, Chuo-Sobu, shuka Higashi-Nakano. Badilisha uingie laini ya Oedo kuelekea Hikarigaoka, stesheni mbili tu, unashuka Ochiai-Minami-Nagasaki. Hapo unatembea kidogo kwenda Hobby Center ya Kato wenyewe. Utaijua kwa sababu nje wameweka behewa halisi la zamani la kampuni ya Keikyu, jekundu, kubwa, limekaa kando ya barabara kwenye mtaa wa nyumba za watu.

Ndani kuna diorama kubwa, yaani mandhari ndogo ya kutengenezwa, na treni zinazunguka, lakini kilichokuleta ni kaunta ya spea. Kato wanauza treni zao vipande vipande: bogi (fremu ya magurudumu ya chini) peke yake, bodi peke yake, taa, kapla (viunganishi vya mabehewa), vioo, viti. Kwa sisi tunaoishi mbali na fundi yeyote wa vitu hivi, bogi ya akiba ya mia kadhaa za yen inaweza kuokoa treni ya maelfu. Nenda na namba ya bidhaa iliyoandikwa kwenye boksi la treni yako ama picha yake, muonyeshe mhudumu, basi. Angalia kalenda yao kwanza, sio kila siku wanafungua.

Ukimaliza rudi Higashi-Nakano, panda tena ya njano stesheni moja mpaka Nakano. Toka upande wa kaskazini, pita ule mtaa wenye paa mpaka mwisho wake, utaingia Nakano Broadway, jengo la 1966, chini soko na juu vichochoro vya maduka madogo madogo. Mandarake, cheni ya maduka ya mtumba, wamejaa humo, na moja ya maduka yao linahusika na treni: modeli, vibao vya stesheni, tiketi za zamani, kofia za makondakta. Hapo tenga muda, sio sehemu ya kukimbilia.

Ginza nitaipitia haraka. Kutoka Akihabara ni moja kwa moja kwa Hibiya. Kuna Tenshodo, kampuni iliyoanza 1879 na kujulikana kwa saa na vito, mpaka leo wanauza saa na treni. Vichwa vya treni vya shaba vilivyotengenezwa kwa mkono, bei laki kadhaa za yen. Nenda ukaangalie, kuangalia hakulipiwi. Na wale wa mm 12 niliowataja, duka lao ni Models IMON, wana matawi kadhaa, tafuta lililo karibu na hoteli yako.

Kununua mtumba bila kulia

Hapa ndo pesa inaokolewa na hapa ndo inapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Treni nyingi za N za abiria zinauzwa kwenye kesi ya plastiki inayofunguka kama kitabu, ndani sponji imekatwa nafasi ya kila behewa. Sasa seti ni za aina mbili. Iliyoandikwa 基本 ni seti ya msingi, ina behewa lenye mota. Iliyoandikwa 増結 ni nyongeza, kwa kawaida haina mota, ni mabehewa ya kurefusha tu. Zote zinafanana, picha ile ile, kesi ile ile, na ile ya nyongeza kwenye mtumba ni rahisi mpaka unashangaa. Unaifungua hotelini, unaiweka kwenye reli, haiendi popote. Hizo herufi mbili zihifadhi kwenye simu kama picha ya skrini, na ukiwa dukani linganisha herufi kwa herufi. Halafu ndani ya orodha ya mabehewa tafuta alama ya M, hilo ndo lenye mota.

Ukiomba kuona, mhudumu atakufungulia kesi kaunta. Usichukue behewa mwenyewe, subiri akupe, na shika pembeni chini kwenye chasisi, sio kwenye paa maana pantografu, ile mikono ya kuchukulia umeme, zinavunjika kwa kuguswa tu. Angalia magurudumu yenye mpira: yale mawili au manne ya behewa la mota yana utepe mwembamba wa mpira wa kushika reli, ukikauka ama ukikosekana treni inateleza kwenye kilima. Mpira ni bei ya chai, ila jua kama unaununua. Angalia kapla zote mbili za mwisho zipo na ni za aina gani, maana Kato wana zao, Tomix wana zao, na zile za zamani za mstatili ni nyingine, na haziungani ovyo ovyo. Angalia kama kile kifuko cha vipande vidogo bado kipo na stika za namba hazijatumika. Na nusa sponji! Ikianza kunata ama kumeguka inachafua rangi ya treni.

Halafu iombe iendeshwe. Maduka mengi ya mtumba yana kipande cha reli kaunta kwa kazi hiyo. Huhitaji Kijapani, onyesha treni, onyesha reli, tabasamu. Sikiliza ikienda taratibu, sio ikienda kasi, treni mbovu inajificha kwenye kasi. Geuza mwelekeo uone taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma zinabadilishana.

Boksi lililoandikwa ジャンク ni la vitu vinavyouzwa kama vilivyo, hakuna kurudisha. Mimi hili ndo boksi langu, mabehewa ya mizigo ya pekee, bodi zisizo na mota, reli zilizochakaa. Kwa diorama yenye yadi ya mabehewa chakavu huhitaji kwenda mbali. Hobby-Off, cheni nyingine ya mtumba, nao wana maboksi ya hivi na wapo zaidi nje kidogo ya katikati ya mji.

Kupatana bei kusahau. Bei iliyoandikwa ni hiyo, ukianza "punguza kidogo bosi" utamtia mtu aibu tu.

Malipo na kodi

Maduka makubwa kadi inapita, vidogo vingine ni keshi tu. ATM za 7-Eleven zinakubali kadi za nje na zipo kila kona. Pesa weka kwenye kile kisahani kaunta, sio mkononi mwa mtu.

Kodi ya mauzo ni asilimia 10 na mgeni anaweza kusamehewa akinunua kuanzia yen 5,000 kabla ya kodi, duka moja siku moja, duka lenye alama ya tax-free. Uwe na pasipoti yenyewe, sio kopi. Ila msamaha huu ni wa mtu aliyeingia kama mgeni wa muda mfupi, ukiwa na viza ya masomo ama kazi haukuhusu, usimgombeze mtu wa kaunta. Na kuanzia Novemba 1, 2026 utaratibu unabadilika, unalipa bei kamili dukani halafu kodi unarudishiwa ukishahakikiwa uwanja wa ndege, kwa hiyo siku ya kuondoka fika mapema na mzigo wako uwe tayari kuonyeshwa.

Ukibakiwa na siku

Makumbusho ya Reli yako Omiya, yamefunguliwa 2007. Keihin-Tohoku mpaka Omiya, halafu New Shuttle stesheni moja. Vichwa halisi, Shinkansen ya kwanza ya 1964, na diorama kubwa sana. Jumanne wanafunga. Upande wa pili, Yokohama, kuna makumbusho ya Hara, mkusanyiko wa Nobutaro Hara aliyeanza utotoni na kufariki 2014, treni kubwa kubwa zinapita juu ya reli za chuma kwa mlio wa kweli kabisa. Na ukiwepo Agosti ulizia maonyesho ya modeli za treni ya Tokyo Big Sight, vilabu vya nchi nzima vinaleta meza zao.

Kufunga mzigo na umeme wa nyumbani

Treni beba mkononi, kesi zile za kitabu zinalala vizuri chini ya begi la mgongoni, zifunge na mpira zisifunguke. Reli na majengo yaende kwenye begi kubwa. Rangi za makopo ya kupuliza, thina na gundi zenye harufu kali usinunue kabisa kama unapanda ndege, zinawaka, zitabaki uwanjani. Risiti weka zote pamoja, forodha nyumbani wakikuuliza thamani uwe na jibu la karatasi.

La mwisho ni umeme. Japani ni volti 100, kwetu ni 230 kwenda 240. Treni yenyewe inakula volti 12 tu, tatizo ni kile kiboksi cha kuendeshea. Geuza adapta yake usome palipoandikwa INPUT. Ikisema 100-240V tafuta tu plagi ya kubadilisha. Ikisema 100V peke yake, ama nunua transfoma ya kushusha umeme maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo ama Luthuli Avenue, ama usiinunue kabisa uchukue kontrola ya volti 12 kwingine. Ukiichomeka hivi hivi itafanya kazi sekunde moja, tena kwa moshi.